Natuma Kama Nilivyopokea: Uhakiki wa Fani ya Uongo wa Uchaguzi

Mwanafunzi yeyote aliyepitia darasa la fasihi ya Kiswahili amefundishwa kuigawa kazi ya sanaa mafungu mawili, fani na maudhui, kisha akaonywa papo hapo kwamba mafungu hayo hutegemeana. Onyo hilo husahaulika tunapojadili uongo wa kisiasa. Kila uchaguzi unapokaribia nchini Kenya, wakaguzi wa habari, wakiwamo wale wa Africa Check na PesaCheck, hulishika dai mojamoja, wakalipima kwa ushahidi, wakalipiga muhuri wa uongo. Ni kazi ya lazima, na wanaoifanya wanastahili heshima. Hata hivyo ni kazi ya maudhui. Dai moja likizimwa, jingine huzuka kwa sura ileile na mwendo uleule, mara nyingi hata kwa sentensi ya mwisho ileile. Maudhui hufa na msimu wake. Fani huvuka kutoka uchaguzi hadi uchaguzi.

Uhakiki huu unaiangalia fani hiyo. Nashikilia kwamba maumbo makuu ya uongo wa uchaguzi, kuanzia ujumbe wa WhatsApp hadi filamu fupi iliyotengenezwa ng'ambo, yana kazi moja ya pamoja, nayo ni kumficha msemaji. Msemaji akishafichwa, mpinzani hana wa kumjibu, na pasipo majibu kila upande hubaki na maneno yake wenyewe. Tunapolalamika kwamba taifa limegawanyika, tunataja ukabila, umaskini na tamaa ya viongozi. Yote hayo yapo. Lakini mgawanyiko una sarufi yake pia, na sarufi husomeka.

Ujumbe usio na mwenyewe

Huu hapa ni ujumbe nilioutunga kwa ajili ya uhakiki, nisije nikaueneza upya uvumi uliokwisha kumdhuru mtu. Aliyewahi kuwa katika kundi la WhatsApp la ukoo, la kanisa, la msikiti au la waliosoma pamoja ataitambua sura yake:

"HABARI ZA SASA HIVI. Ndugu yangu anafanya kazi pale kituo cha kujumlishia kura. Anasema masanduku yameingizwa usiku kwa mlango wa nyuma. Hawataki mjue. Runinga hazitaonyesha. Watu wetu wakae macho. Tuma kwa wengine kabla haijafutwa. Natuma kama nilivyopokea."

Tuanze na wakati. "Sasa hivi" haina tarehe wala saa, kwa hiyo ujumbe hauchakai. Uliozagaa wakati wa uchaguzi mmoja unaweza kufufuliwa miaka mitano baadaye bila kubadilishwa herufi, na bado ukawa wa sasa hivi. Gazeti hubeba tarehe juu ya kila ukurasa. Barua hubeba tarehe pembeni. Hapa tarehe imeachwa kwa makusudi, maana ndiyo ingekuwa uzi wa kwanza wa kumfuata mtungaji.

Kisha kuna nafsineni. "Ndugu yangu" ni ndugu wa nani? Shangazi akiutuma ujumbe katika kundi la ukoo, wanaousoma husikia sauti ya shangazi, na yule mfanyakazi wa kituo hugeuka papo hapo kuwa jamaa yao. Binamu akiupeleka kazini kwake, ndugu anahamia kwa binamu. Nafsi ya kwanza, ambayo katika masimulizi ya kawaida ndiyo nguzo ya ushahidi, imekuwa nyumba ya kupanga: kila anayepita hulala humo, na hakuna aliyeijenga. Ndiyo maana ukaribu wa damu unaouvika ujumbe huu imani ni wa kweli kwa mpokeaji, ingawa aliye ndani ya maneno hayupo.

Sentensi ya tatu imetumia kauli ya kutendwa. "Yameingizwa", basi. Kiswahili kinamruhusu mtunzi kumleta mtenda kwa "na" akitaka, au kumwacha nje. Hapa ameachwa, na sentensi inayofuata inamrejelea kwa kiambishi tu: "hawataki". Hao "wa" hawajawahi kutajwa. Msomaji analazimika kulijaza pengo, na atalijaza kwa jina ambalo tayari analiogopa. Huo ni ustadi wa hali ya juu. Jina lililotoka akilini mwa msomaji halihitaji kuthibitishwa na mtu mwingine, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye shahidi wake.

"Runinga hazitaonyesha" ni sentensi inayojifungia mlango kwa ndani. Ikiwa kituo cha televisheni hakitatangaza habari hiyo, utabiri umetimia. Ikiwa kitatangaza kwamba habari hiyo ni ya uongo, basi ndicho hicho kinachotaka msijue. Umbo limekwisha kumeza kanusho lake kabla halijatolewa.

Na tazama "watu wetu". Kimilikishi hiki hakina kabila, chama wala kaunti. Ujumbe ukitua Nyeri, watu wetu ni wa Nyeri. Ukitua Kisumu, ni wa Kisumu. Maneno yaleyale, bila kuhaririwa, yanaweza kuzitumikia kambi mbili zinazochukiana katika usiku mmoja. Tumezoea kusema kwamba kambi za kisiasa zinaishi katika malimwengu mawili tofauti. Kimaudhui ni kweli. Kifani, zinasoma kazi moja.

Mwisho kuna ile saini isiyo saini: "Natuma kama nilivyopokea." Mtumaji hadai kwamba habari ni ya kweli, anadai tu kwamba nakala ni sahihi. Uaminifu umehamishwa kutoka kwa ukweli wa jambo hadi kwa usahihi wa kunakili. Wanafunzi wa hadithi za Mtume wanaijua isnadi, ule mlolongo wa wapokezi ambamo kila mmoja hutajwa kwa jina, na kumbukumbu yake na uadilifu wake hupimwa kabla ya neno kukubaliwa. Ujumbe huu una mlolongo vilevile, tena mrefu, lakini majina yamefutwa na imebaki pete ya mwisho, ambayo nayo inasema isiulizwe.

Umbo hili si la jana. Mwaka 1908, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimezimwa, barua iliyodaiwa kutoka Makka ilizagaa pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, Lindi ikiwamo, ikawatia watawala kiwewe. Ni ya ukoo mmoja na zile barua za ndoto ya Sheikh Ahmad wa Madina ambazo vizazi kadhaa vimezinakili kwa mkono, kwa mashine, na sasa kwa kidole. Mwenye kauli yuko mbali asikofikika, wakati umekaribia kwisha, na msomaji anaagizwa aeneze. Tofauti ni kwamba mnakili wa zamani aliketi na kalamu, akaandika neno baada ya neno, na katika kuandika huko alikuwa na nafasi ya kushtuka. WhatsApp yenyewe ilitambua kwamba tatizo liko kwenye mwendo: mwaka 2018 iliweka alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umepitishwa, Januari 2019 ikapunguza idadi ya mazungumzo ya kupelekewa kwa mara moja hadi 5 duniani kote, na Aprili 2020 ikapunguza hadi 1 kwa ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi. Hakuna neno lililohaririwa. Kilichoguswa ni kasi, nayo kasi ni sehemu ya fani.

Alipokuwapo wa kujibiwa

Ili tuone kilichopotea, tulinganishe na umbo jingine la siasa ambalo pwani inalijua vizuri. Katika karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi yaliyopiga vita upande wa Unguja na Lamu wakati wa mvutano wa akina Mazrui, watawala wa Mombasa, na Sultani Sayyid Said. Katikati ya miaka ya 1970, ushindani wa kiti cha ubunge Lamu ulizaa mfululizo wa mashairi uliojulikana kama Kimondo, yaliyorekodiwa kwenye kaseti na kusikilizwa majumbani. Mtafiti Assibi Amidu aliyachunguza katika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Kaseti nayo ilikuwa teknolojia ya kusambaza maneno ya kampeni bila kupitia redio ya serikali wala gazeti. Kaseti ilinakiliwa, ikaazimwa, ikavuka bahari.

Wala tusiipambe. Majibizano ya kishairi yana kejeli, mafumbo ya kuumiza na tuhuma zisizo na ushahidi. Shairi linaweza kudanganya kwa vina vilivyokamilika. Lakini kanuni ya kujibizana inamfunga mtunzi kwa namna ambayo ujumbe wa kupitishwa haumfungi. Anayejibu hufuata bahari ya aliyeanza, na mara nyingi hushika vina vyake. Hawezi kufanya hivyo bila kumsikiliza mpinzani kwa makini, mizani kwa mizani. Chuki yake inalazimika kupita katika umbo la mwenzake. Na hadhira, hata iliyokwisha kuchagua upande, hupenda kusikia jibu, kwa sababu shairi lililotupwa bila kujibiwa halijakamilika kama pambano. Fani yenyewe imetenga kiti cha adui.

Tena, hata mafumbo yanapoficha jina la anayepigwa, mji humjua anayepiga. Mtunzi ana heshima ya kulinda. Akizidisha uongo, atajibiwa kwa uongo wake mwenyewe ukiwa umepangwa beti. Hiyo haikuzuia miji kugawanyika. Iliwapa tu waliogawanyika uwanja mmoja wa kugombania, na hicho ndicho ninachokitafuta bila kukiona katika maumbo yaliyokuja baadaye.

Sura za kuazima

Katika wiki za mwisho kabla ya uchaguzi wa Agosti 8, 2017, Wakenya walipokea video zilizojifanya habari za BBC na CNN. Zilikuwa na nembo, rangi na mpangilio wa taarifa halisi, na zilidai kwamba kura za maoni zilimwonyesha Rais Uhuru Kenyatta akiongoza. BBC ililazimika kujitokeza kueleza kwamba video iliyobeba nembo yake si yake. Wakati huohuo, utafiti wa GeoPoll na Portland uliotolewa Julai 2017 baada ya kuwahoji Wakenya 2,000 uliripoti kwamba asilimia 90 walikuwa wamekutana na habari walizodhani ni za uongo kuhusu uchaguzi huo.

Kifani, video hizi ni kinyume cha ujumbe wa WhatsApp. Ujumbe unaazima ukaribu wa jamaa. Video inaazima umbali wa taasisi. Aliyezitengeneza angeweza kubuni kituo chake cha habari, lakini hakuna ambaye angemwamini, kwa hiyo akachukua mamlaka yaliyojengwa na wengine kwa miaka mingi. Kila bidhaa ya kughushi ni ushuhuda wa thamani ya ile halisi. Wakenya walikuwa bado wanaiheshimu taarifa ya habari kiasi cha kufaa kuibiwa, na wizi ukirudiwa, heshima hiyo hupungua kwa kituo halisi, ilhali mwizi hana heshima ya kupoteza.

Kiini cha video hizo kilikuwa takwimu. Asilimia ni umbo lenye haya. Halina kelele wala sifa, linakaa kimya kama hesabu. Lakini katika kampeni, tarakimu ya kura za maoni ina kazi mbili: kueleza jinsi watu walivyo, na kuwaandaa kwa matokeo. Mpiga kura aliyeshibishwa namba za ushindi atayaona matokeo tofauti kuwa wizi kabla hajaangalia fomu hata moja. Mgogoro wa Agosti huandaliwa Julai.

Filamu fupi iliyosambazwa mwaka huohuo chini ya jina The Real Raila ilikwenda mbali zaidi. Ilimwonyesha mtazamaji Kenya ya mwaka 2020, Raila Odinga, mpinzani wa Kenyatta, akiwa rais, nchi ikiwa imesambaratika kwa ugaidi, njaa na magonjwa. Tuisome kwa jicho la wakati. Kamera haiwezi kupiga picha ya kesho. Kila picha iliyowekwa kama Kenya ya 2020 katika filamu ya 2017 ni lazima iwe picha ya tukio jingine, la mahali pengine au siku nyingine, iliyokopeshwa kwa mwaka usiofika. Sauti inasema kwa "-ta-", macho yanaona "-li-". Mtazamaji anatoka na kumbukumbu ya jambo ambalo halijatokea.

Mkaguzi wa habari afanye nini na filamu ya namna hiyo? Hakuna dai la kupima. Utabiri hauwezi kukanushwa hadi siku yake ifike, na siku yake haifiki ikiwa aliyetabiriwa hakushinda. Na nani alikuwa akisema? Filamu haikumtaja mdhamini. Desemba 2017, uchaguzi ukiwa umekwisha, shirika la Privacy International lilieleza kwamba kampeni hiyo ya mtandaoni ilikuwa kazi ya Harris Media, kampuni ya Texas, kwa ajili ya upande wa Uhuru Kenyatta. Kampuni hiyohiyo ilifanya kazi mwaka huohuo kwa chama cha AfD nchini Ujerumani. Hofu ya Mkenya ilikuwa imeshonwa na fundi ambaye ana wateja wengine, kwa vipimo vinavyobadilika kidogo tu.

Machi 2018, wakuu wa Cambridge Analytica walionaswa na kamera ya siri ya Channel 4 walijigamba kwamba waliijenga upya sura ya Jubilee, chama tawala cha Kenya wakati huo, na kukiandikia ilani. Majigambo ya muuzaji hayafai kupokewa yote. David Murathe wa Jubilee alikiri tu kwamba kampuni mshirika iliajiriwa kwa kazi ya kukijengea chama nembo na sura. Hata tukichukua hicho kidogo, tunafika palepale: nyuma ya msemaji aliye jukwaani kuna mtunzi asiyeonekana, naye hapigiwi kura.

Umbo la nne ni heshitegi. Kwa sura yake, ni kibwagizo: mstari mfupi unaorudiwa na wengi hadi uonekane sauti ya umma. Katika ngoma au maandamano, kibwagizo kina gharama, kwani anayeitikia yupo, anaonekana na majirani zake, anatoa jasho. Septemba 2021, Odanga Madung na Brian Obilo walichapisha kupitia wakfu wa Mozilla uchunguzi ulioonyesha watu wenye ushawishi mdogo Twitter wakilipwa takriban dola 10 hadi 15 kupandisha heshitegi za kisiasa. Miongoni mwa walioshambuliwa walikuwa majaji waliosimamisha mpango wa kurekebisha katiba uliojulikana kama BBI, Mei 2021. Majaji hao walikuwa wameandika mamia ya kurasa, wakataja vifungu, wakatia sahihi. Waliojibu walitumia maneno mawili matatu yaliyounganishwa, bila hoja na bila jina la aliyelipa. Huwezi kuyajibu. Unaweza tu kupandisha heshitegi yako.

Kimya cha serikali

Hapa kuna jambo ambalo watetezi wa sheria kali dhidi ya uongo huu hawapendi kulisikia. Desemba 30, 2007, ghasia zikianza baada ya matokeo ya urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Januari 30, 2018, Raila Odinga alipokuwa akiapishwa na wafuasi wake katika bustani ya Uhuru, mitambo ya Citizen, NTV na KTN ilizimwa, na baadhi ya vituo vilikaa gizani kwa siku kadhaa hata baada ya mahakama kuagiza virudishwe. Kila mara sababu iliyotolewa ilikuwa usalama.

Hofu ya mwaka 2007 haikuwa ya kubuni. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zile, na ripoti ya Tume ya Waki, iliyozichunguza, ilizinyooshea kidole baadhi ya redio za lugha za mama kwa kuchochea. Lakini tuirudie sentensi ya tano ya ujumbe wetu: "Runinga hazitaonyesha." Serikali ilipozima runinga, ilimsaidia mtungaji asiyejulikana kwa kuyafanya maneno yake kuwa kweli. Sentensi iliyokuwa hila ikageuka taarifa. Umiliki nao unachangia: familia ya Kenyatta imehusishwa kwa miaka na kampuni ya Mediamax, na ya Moi na Standard Group. Msikilizaji anayeshuku kituo cha habari hana wazimu. Uongo wenye fani nzuri hupanda mbegu kwenye udongo wa shaka halali, na amri ya kunyamazisha ni mbolea.

Karatasi ya mahasimu

Kuna andiko moja katika uchaguzi wa Kenya ambalo limejengwa kwa kanuni iliyo kinyume cha haya yote, nalo halina mvuto wowote wa lugha. Ni Fomu 34A ya matokeo ya urais. Hujazwa katika kituo cha kupigia kura baada ya kuhesabu, na hubeba jina la kituo na namba yake, idadi ya waliosajiliwa, kura za kila mgombea na zilizokataliwa, jina na sahihi ya msimamizi wa kituo, kisha majina na sahihi za mawakala wa vyama. Nakala hubandikwa mlangoni ili yeyote aisome.

Kifani, ni mkusanyiko wa kila kilichofutwa katika ujumbe wa WhatsApp: mahali, siku, mtenda, shahidi. Lakini sehemu yake bora zaidi ni ndogo, na wengi hawajawahi kuitazama. Fomu ina nafasi ya wakala aliyekataa kutia sahihi kuandika sababu zake. Kukataa kumepewa mahali ndani ya andiko lenyewe. Mahasimu wamekaa kwenye karatasi moja, na anayepinga hapaswi kwenda kuandika karatasi yake kwingine. Ni ile kanuni ya majibizano ya kishairi, imehamia ofisini.

Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa urais. Ukiisoma hukumu ile, utawakuta majaji wakiuliza maswali ya mhakiki wa fani. Je, fomu ina alama za usalama? Ina namba ya mfululizo? Imetiwa sahihi na nani? Matokeo yaliingiaje kwenye mfumo kabla ya fomu kufika? Hawakuanza na swali la nani alipata kura nyingi. Walisisitiza kwamba uchaguzi ni mchakato mzima, na mchakato huo ulikuwa na kasoro za umbo. Majaji wawili hawakukubaliana nao, na mmoja wao, Njoki Ndung'u, alieleza katika maoni yake kwamba alizitazama fomu na kuziona tofauti. Maoni ya wachache yalichapishwa sambamba na ya wengi. Mahakama nayo ina nafasi yake ya kukataa.

Mwaka 2022 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliweka picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, wazi kwa kila mtu. Ungedhani ubishi umekwisha. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha kila kimoja kivyake, na kwa kuwa kila chumba cha habari kilizichukua fomu kwa mpangilio wake, hesabu zikapishana kwa saa nyingi: runinga moja ilimwonyesha William Ruto mbele, nyingine Raila. Wafuasi wakachagua kituo kama wanavyochagua timu. Agosti 15, matokeo yalipotangazwa katika ukumbi wa Bomas, Ruto akiwa na asilimia 50.49 na Raila 48.85, makamishna wanne kati ya saba wa Tume hiyo walikuwa katika hoteli ya Serena wakiyakana. Septemba 5 Mahakama ya Juu iliyathibitisha kwa kauli moja, baada ya ukaguzi kutoonyesha tofauti za maana kati ya fomu za karatasi na zile za tovuti.

Kwa hiyo fomu nzuri haimlazimishi msomaji kuafiki. Ilichofanya ni kuupunguza ubishi hadi ukubwa wa kitu kinachoweza kushikwa. Aliyedai wizi aliambiwa alete fomu, na fomu aliyoleta ikawekwa kando ya nyingine. Uongo haukukosekana. Ulipata tu mahali pa kusutwa.

Kuna pingamizi moja zito. Je, kudai sahihi si kuwakabidhi wanyonge kwa wenye nguvu? Miaka ya 1980, vijikaratasi vya siri vya upinzani, vya Pambana na vya Mwakenya, visingeweza kubeba majina ya waandishi, maana ukinaswa navyo ungeishia vyumba vya mateso chini ya Nyayo House. Baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliorodhesha visa vingi vya watu waliotekwa. Anayesema kwa kujificha chini ya dola ya namna hiyo anaokoa maisha yake.

Lakini kuna kujificha kwa namna mbili, na fani ndiyo inayotusaidia kuzitofautisha. Vijikaratasi vile vilificha watu, havikuficha msimamo. Vilikuwa na jina la kundi, vilitoa hoja na madai, vilimtaja anayelaumiwa. Ungeweza kuvipinga mstari kwa mstari. Ujumbe wa "ndugu yangu" umeficha msimamo pamoja na mtu, na filamu ya Texas imemficha mwenye fedha kwa mwenye haki ya kumhoji. Dalili ya hila haimo katika kukosekana kwa jina peke yake. Imo katika swali kama andiko limeacha nafasi ya kujibiwa.

Swali hilo linaweza kufundishwa, na mahali pa kulifundishia papo. Mtahiniwa wa kidato cha nne anayeandika kumbukumbu za mkutano bila nafasi ya sahihi za mwenyekiti na katibu hukatwa alama za sura. Anajua tahariri hutofautianaje na taarifa, na ripoti na barua. Silabasi imempa vyombo vya kuusoma uongo wa uchaguzi, kisha ikamwachia andiko analolisoma zaidi kuliko yote, ule ujumbe wa simuni, likiwa nje ya darasa. Uwekwe mbele yake kama matini yoyote nyingine, na aulizwe: nafsineni ni nani, mtenda wa kitenzi hiki yuko wapi, "watu wetu" ni akina nani, na mwenye maoni tofauti angejibu akimwelekea nani? Atakayeshindwa kujibu swali la mwisho atakuwa na sababu ya kutosha ya kutoupitisha.